Dripu, Mkojo na Pumzi: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mgonjwa Baada ya Upasuaji

Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, ndugu hushukuru Mungu na kupiga simu nyumbani: "Ametoka salama." Ni habari njema, lakini siku za hatari ndiyo kwanza zinaanza. Utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, ulikuta kuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji. Waliofariki walikuwa kama 2 kati ya kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya 9 katika kila vifo 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe, mgonjwa akiwa ameshalazwa wodini, mahali ambapo wewe ndugu yake umekaa kwenye benchi kando ya kitanda.

Muuguzi wa zamu ya usiku huwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwazungukia. Hilo halitabadilika usiku wa leo. Kinachoweza kubadilika ni wewe kujua cha kutazama, kukiandika, na kusema kwa maneno yatakayomfanya muuguzi aje. Mwongozo huu unahusu maji: yanayoingia mwilini, yanayotoka, na dalili zinazoonyesha mapema kuwa mambo yanaharibika. Namba nilizotumia ni za mtu mzima. Mtoto ana vipimo vyake, ambavyo havimo humu.

Kwa nini maji ya dripu ni dawa

Watu wengi huyachukulia maji ya dripu kama kitu cha heri tu: yakiwa mengi, nguvu zinarudi haraka. Ndugu humwomba daktari, "Mwongezeeni chupa moja apate nguvu." Tuangalie kilichomo. Chupa ya lita moja ya dextrose ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kalori zisizozidi 200. Chupa ya lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Nguvu unayoitafuta haimo humo. Kilichomo ni maji na chumvi ambavyo moyo na figo lazima vivibebe.

Maji yakipungua mwilini, damu haifiki vizuri kwenye figo na viungo vingine. Yakizidi, huvuja kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye mapafu, kwenye utumbo ulioshonwa na chini ya ngozi. Pande zote mbili zina madhara yaliyothibitishwa. Mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa wapatao 3,000 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo ulionyesha kuwa waliobaniwa sana maji waliumia figo zaidi: asilimia 8.6, dhidi ya asilimia 5 kwa waliopewa kwa wingi. Upande wa pili, utafiti uliofanywa Lusaka kwa watu wazima 209 waliokuwa na maambukizi makali na presha ya chini ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji mengi mapema walikufa zaidi: asilimia 48, dhidi ya 33 kwa waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa kwetu, mwaka 2011, yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo. Watoto waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48 kuliko waliopewa polepole: karibu 11 katika kila 100, dhidi ya 7. Hao hawakuwa watoto wa upasuaji, wala wa kuharisha, kwa hiyo usiyachukue matokeo hayo kukataa dripu ya mtoto aliyekaukiwa. Lakini tangu hapo hakuna mtaalamu makini anayesema kuongeza maji hakuna madhara.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wengi hawaambiwi. Baada ya upasuaji mwili wenyewe hushikilia maji kwa siku moja au mbili, kwa hiyo mkojo hupungua kidogo. Ndiyo maana mgonjwa aliyepewa dextrose tupu, chupa juu ya chupa, anaweza kuchanganyikiwa na hata kupata degedege: maji yamezidi, chumvi ya damu imepungua.

Kabla ya upasuaji

Uliza saa kamili ya mwisho ya kula na ya kunywa. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni chakula kuachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, ikiwa mgonjwa hana tatizo la tumbo wala la mimba linalohitaji tahadhari zaidi. Tatizo letu ni ratiba kusogea: mgonjwa aliyeambiwa asinywe tangu usiku anaitwa saa 9 alasiri, koo limekauka. Ratiba ikisogea, muulize muuguzi: "Je, anaweza kunywa maji kidogo wakati tunasubiri?" Usimpe bila jibu.

Siku hiyohiyo mweleze daktari mambo haya, hata kama unadhani yameandikwa kwenye faili: presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, selimundu, dawa anazokunywa kila siku, dawa za miti shamba, na kwa mama mjamzito, kama presha ilipanda wakati wa ujauzito. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba hujaa maji kwenye mapafu kwa urahisi mno, na dripu yake huhesabiwa kwa ubahili. Upasuaji wa kujifungua ndio uliokuwa mwingi kuliko wote katika ule utafiti wa nchi 25, karibu theluthi moja.

Maswali manne akifika wodini

1. Anaruhusiwa kunywa lini, na nini? Siku hizi mama aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi huruhusiwa kunywa ndani ya saa chache bila kusubiri atoe gesi. Aliyeshonwa utumbo anaweza kuambiwa asubiri. Fuata jibu la wodi yako, si la jirani wa kitanda cha pili.
2. Chupa hii ya dripu imepangwa iishe saa ngapi?
3. Mkojo wake ninaweza kuupima mimi, au mnaumwaga ninyi?
4. Nikiona kitu gani nikuite mara moja?

Yaandike majibu. Zamu ikibadilika, uliza tena swali la kwanza na la pili.

Daftari: kurasa mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka

Nunua daftari la shule na kalamu. Tafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita, itumie kujua kikombe chako kinachukua kiasi gani: jaza chupa, mimina kwenye kikombe, hesabu vimejaa vikombe vingapi. Ukipata viwili, kikombe chako ni mililita 250. Kwa mkojo, tumia jagi lenye alama kutoka wodini, au alama za mfuko wenyewe wa mkojo kama zinasomeka. Vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada.

Upande wa kuingia andika dripu, dawa zilizochanganywa kwenye chupa, maji, chai, uji, supu. Upande wa kutoka andika mkojo, matapishi, kuharisha, maji ya mrija wa tumboni, yanayotoka kwenye mpira wa puani. Jasho huwezi kulipima: andika tu "shuka limeloa." Damu kwenye bandeji izungushie kalamu, uandike saa. Doa likivuka mstari, unajua limekua kiasi gani na kwa muda gani.

Tazama ukurasa wa mfano, wa mgonjwa mwenye kilo 64, siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni:

*Kuingia:* dripu 1,500, chai ya rangi 200, maji 300. Jumla 2,000.

*Kutoka:* mkojo hadi saa 6 mchana 150, mkojo hadi saa 12 jioni 110, matapishi 250, mrija wa tumbo 120. Jumla 630.

Ndugu wengi wangeridhika hapa: amekunywa, amekojoa, chupa imeisha. Lakini soma tena. Yameingia maji ya kutosha, na bado mkojo wa alasiri ni pungufu kuliko wa asubuhi. Lita nzima na zaidi imebaki ndani. Imekwenda wapi? Sehemu ndogo imetoka kwa pumzi na jasho. Iliyobaki inaweza kuwa imejikusanya kwenye utumbo uliogoma kufanya kazi, na kutapika kunaashiria hivyo. Inaweza kuwa imevuja chini ya ngozi na kwenye mapafu. Inawezekana pia kuna damu inayovuja ndani, au figo zimeanza kuchoka.

Ukurasa huo peke yake hausemi "aongezewe maji." Hapo ndipo makosa mengi hufanyika: mkojo umepungua, chupa nyingine inatundikwa. Mgonjwa mwenye mikono ya baridi na mapigo yanayokwenda mbio huenda kweli damu yake imepungukiwa maji. Mwenye mkojo uleule mdogo lakini anakohoa na hawezi kulala chali, chupa nyingine inaweza kumzamisha. Kazi ya kuamua ni ya daktari. Kazi yako ni kumpa mkojo, mapigo na pumzi kwa pamoja, kwa saa na kwa namba.

Mkojo: hesabu ya kichwani

Chukua uzito wa mgonjwa kwa kilo, ugawe kwa mbili. Hiyo ndiyo mililita ya chini anayotarajiwa kutoa kwa saa. Kilo 60, mililita 30 kwa saa. Kwa saa 6, mililita 180. Yule wa mfano wetu alitakiwa apate 192 kwa saa 6, akapata 150, kisha 110. Saa moja pungufu si jambo la kutisha, hasa siku ya kwanza. Saa mbili au tatu mfululizo, toa taarifa. Sita ni kuchelewa.

Mkojo ukikatika ghafla kabisa, kagua kwanza: mpira wa mkojo umejikunja? Mgonjwa ameulalia? Mfuko umeinuliwa juu ya nyonga? Mfuko ukae chini ya kitanda siku zote, usiguse sakafu. Kama mpira uko sawa na mkojo hautoki, mwite muuguzi. Rangi nayo isome: njano hafifu ni nzuri, rangi ya chai ya mkandaa ina maana maji yamepungua au kuna tatizo, wekundu wa damu utolewe taarifa. Aliyetolewa mpira naye akapitisha saa 6 bila kukojoa, tumbo la chini limejaa na linauma, asiachwe mpaka asubuhi.

Pumzi, mapigo na kucha

Mwili hujitetea kabla ya kushindwa. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu kama lita 4. Anaweza kupoteza zaidi ya lita moja, na presha ya mashineni ikaendelea kusomeka vizuri, kwa sababu moyo umeongeza kasi na mishipa imejibana. Kijana mwenye afya na mama aliyejifungua hujificha hivyo kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Kwa hiyo usitulizwe na presha nzuri kama vingine vimebadilika.

1. Pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua au tumbo likipanda, hesabu dakika nzima. Usimwambie unahesabu, atabadilisha. Kawaida ni 12 hadi 20. Kuanzia 21 mwarifu muuguzi. 25 au zaidi, mwite hapohapo. Kati ya vipimo vyote, hiki ndicho kinachopuuzwa zaidi wodini, na mimi naona ndicho ndugu angeanza nacho kama angeruhusiwa kimoja tu.
2. Mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Zaidi ya 110, mwarifu; zaidi ya 130, mwite mbio. Linganisha na ya jana pia: aliyekuwa 78 akawa 106 amebadilika, hata kama hajafika 110.
3. Kucha. Inua mkono ulingane na moyo, bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 5, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 3. Ikichelewa na mikono ni baridi, damu haifiki vizuri. Futa rangi ya kucha kabla ya upasuaji, na bibi harusi wetu wa Pwani asiende chumba cha upasuaji na piko kwenye vidole vyote kama inaweza kuepukwa: weusi wake huficha rangi ya kucha na huweza kukipotosha kile kidude cha kupimia oksijeni kidoleni. Kidude hicho chenyewe kimeonekana kusoma juu kuliko ukweli kwa baadhi ya watu wenye ngozi nyeusi. Kikikuambia 95 na mgonjwa anahema, amini anavyohema.
4. Akili. Mwulize jina lako na mahali alipo. Mzee aliyeanza kuweweseka usiku, au kijana aliyekuwa akiongea akawa amelegea tu, si lazima awe "amelewa dawa ya usingizi." Toa taarifa.
5. Uvimbe. Aliyelala muda mrefu huvimba mgongoni kabla ya miguuni. Akigeuzwa ubavu, bonyeza kwa dole gumba juu kidogo ya makalio kwa sekunde 10. Likibaki shimo, maji yamejaa chini ya ngozi. Kama kuna mzani na anaweza kusimama, kilo moja iliyoongezeka kwa usiku mmoja ni lita moja ya maji. Mwili haunenepi hivyo.

Vipimo hivi fanya kila baada ya saa 4, na kila saa kwa saa 6 za kwanza kama muuguzi hawezi kuja mara nyingi. Mgonjwa akilala usingizi mzuri, pumzi unaweza kuhesabu bila kumwamsha.

Dripu: tazama, usiguse

Muuguzi akikuambia chupa ya lita moja iishe kwa saa 8, na mpira ni ule wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, yatadondoka matone kama 42 kwa dakika, yaani 10 au 11 kwa sekunde 15. Ukihesabu ukakuta 30 kwa sekunde 15, au hayadondoki kabisa, mwite. Gurudumu la kufungulia usiliguse wewe.

Makosa yanayojirudia:

- Kufungua dripu iende kasi ili ndugu wawahi kuondoka, au mgonjwa aende kuoga. Lita iliyopangwa saa 8 ikiingia kwa saa moja inaweza kumziba pumzi mwenye moyo dhaifu.
- Kumpa maji kwa siri aliyekatazwa kunywa. Akitapika, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Lowesha kitambaa safi, mpanguse midomo. Hilo linaruhusiwa karibu siku zote.
- Kusubiri chupa iishe kabisa. Damu hurudi kwenye mpira, huganda, na sindano huziba. Ita ikibaki vidole viwili.
- Kunyamaza mkono ukivimba au kuuma pale sindano ilipo. Hayo maji hayaingii kwenye mshipa.
- Kununua chupa duka la dawa na kumtundikia nyumbani. Usifanye, hata kama jirani ni muuguzi mstaafu.

Mgonjwa akiongezewa damu, kaa naye robo saa ya kwanza bila kuondoka. Akitetemeka, akiwashwa, akiumwa mgongo au akishindwa kupumua, paza sauti muuguzi aifunge mara moja.

Hatari gani siku gani

Saa 24 za kwanza adui mkubwa ni kutoka damu. Siku ya kwanza hadi ya tatu huja matatizo ya mapafu kwa asiyevuta pumzi ndani kwa sababu ya maumivu, ya figo, na ya moyo kwa wazee. Shambulio la moyo baada ya upasuaji mara nyingi halina maumivu ya kifua. Kati ya siku ya tatu na ya saba, aliyeshonwa utumbo anaweza kuvuja mshono: tumbo hujaa na kukaza, homa hupanda, mapigo huenda mbio. Kidonda chenye usaha hujitokeza zaidi kuanzia siku ya nne au ya tano. Damu kuganda kwenye mguu, na bonge kukimbilia mapafuni, huweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye. Maambukizi ndiyo yaliyoongoza kwa wingi katika ule utafiti wa nchi 25, mgonjwa 1 kati ya 10.

Aliyepasuliwa kwa dharura, mzee, mwenye kisukari, moyo au figo, mwenye upungufu wa damu, na aliyekaa nyumbani siku nyingi kabla ya kuletwa, wote hao mtazame kwa macho mawili.

KISANDUKU: MWITE MUUGUZI SASA HIVI

☐ Anapumua mara 25 au zaidi kwa dakika, au hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi
☐ Anakohoa povu, jeupe au la waridi
☐ Mapigo zaidi ya 130, au yanaongezeka kila ukipima
☐ Damu imevuka mstari uliochora, au mrija unatoa damu nyekundu nzito
☐ Mama aliyejifungua ameloanisha pedi nzima ndani ya saa moja
☐ Amechanganyikiwa, hajibu, au ana degedege
☐ Jasho la baridi, mikono baridi, midomo imepauka
☐ Tumbo limekaza kama ubao au linajaa haraka
☐ Mkojo pungufu saa tatu mfululizo
☐ Homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kutetemeka
☐ Mguu mmoja umevimba na unauma

Namna ya kuita ukasikilizwa

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine mkubwa wa Afrika. Hospitali ziliagizwa kuwaangalia zaidi wagonjwa wenye hatari, na vifo havikupungua. Kuangalia kunasaidia pale tu hatua inapofuata, na hatua huanza na taarifa iliyonyooka. "Sista, mgonjwa wangu hajisikii vizuri" husemwa mara ishirini kwa usiku. Sema hivi:

"Shikamoo sista, samahani kukusumbua. Mgonjwa wa kitanda namba 9, aliyepasuliwa tumbo jana. Alikuwa anapumua mara 18 saa 2 usiku, sasa ni 28. Mkojo wa saa tatu ni mililita 40. Mikono ni baridi. Naomba uje umwone sasa."

Namba mbili, ya awali na ya sasa, hubeba uzito zaidi kuliko kilio. Asipokuja ndani ya dakika 10, mrudie. Asipoweza, muulize kwa heshima: "Naomba daktari wa zamu apigiwe." Usigombe, muuguzi huyo ndiye utakayemhitaji usiku kucha. Lakini usikubali pia kuambiwa urudi ukalale kama pumzi bado ni 28.

Akiwa chumba cha wagonjwa mahututi

Huko wanapima wenyewe, na wewe utaruhusiwa dakika chache. Kinachowatisha ndugu wengi ni kumkuta mgonjwa amevimba uso na mikono asitambulike. Mwenye maambukizi makali, mishipa yake midogo huvuja. Maji yaliyomwokoa siku ya kwanza yamehamia chini ya ngozi. Siku zinazofuata madaktari hujaribu kuyatoa, kwa dawa ya kukojoza au kwa mashine ya kusafisha damu. Ukiona wanamwinua miguu juu huku wakitazama mashine, wanajaribu kama moyo wake utanufaika na maji zaidi: damu ya miguuni hurudi kifuani kwa muda, na wakiona moyo haujabadilika wanajua kuongeza dripu hakutasaidia.

Uliza mawili tu: "Bado anahitaji maji, au sasa mnayatoa?" na "Figo zinaendeleaje?" Majibu yake yatakuambia mengi kuliko "anaendelea vizuri."

Nyumbani

Kabla ya kuondoka, pata kwa maandishi: dawa za kuendelea nazo, dawa za kuacha, siku ya kutoa nyuzi, na namba ya simu ya wodi.

Mwache anywe kufuata kiu yake, isipokuwa daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Akiharisha, mpe ORS ya pakiti. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Aliyetolewa utumbo mdogo nje kwenye mfuko, ambao unajaa maji kila mara, asinywe maji matupu kwa wingi kufidia, huongeza yanayotoka. ORS ndiyo yake, na arudi hospitali mapema.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo za mtu aliyekaukiwa maji. Akitapika au kuharisha, aziache mpaka aulize. Anayemeza dawa za presha au za kukojoza naye apige simu kabla ya kumeza dozi inayofuata. Dawa za miti shamba ziwekwe kando kabisa kwa kipindi hiki.

Endelea na daftari kwa wiki mbili, sasa kwa mstari mmoja tu kila asubuhi: pumzi, homa, mkojo, kidonda, na uzito kama kuna mzani. Siku ya kliniki lipeleke, mpe daktari asome mwenyewe. Na dalili yoyote ya kwenye kisanduku ikitokea saa 8 usiku, usisubiri kukuche: tafuta usafiri, mrudishe hospitali usiku huohuo.